Mizinga ya Mzee Mselemu Imo Gizani

Mgori,
2 Juni 2025

Dada Zabibu,

Shikamoo. Mimi ni mzima, na ningekuwa mgonjwa Mgori nzima ingejua kabla yangu, maana huku hata kuku akikonda watu huuliza nani kamtazama vibaya.

Usishtuke kuona karatasi. Mnara wa simu wa huku umezimika. Mafundi wamesema watakuja kesho, na kesho ya mafundi unaijua, mimi mwenyewe ni fundi. Kwa hiyo tutaandikiana kama babu zetu. Barua nampa Derick, dereva wa Noah, anaondoka alfajiri, anakukuta hapo steshenari kwako Utemini. Mpe majibu, usimpe soda. Soda inamchelewesha.

Kisa chenyewe ni hiki. Mzee Urbano, mwenyekiti wa kikundi cha wafuga nyuki, aliniita niitazame kompyuta mpakato ya marehemu Mzee Mselemu. Imekuwa nzito, anasema, unaibofya leo inajibu kesho. Sasa unajua Mselemu ni nani kwangu: baba yake Mwantum, na posa yangu kwa Mwantum imepokelewa, ndoa inangoja asali ya msimu huu itoke tu. Kompyuta ya baba mkwe ikikuita, unakwenda na vitu vya zamani? Mimi Anuari, niliyelala Lubumbashi nikaamkia Kigali, niliyetengeneza redio ya lori huku lori linatembea?

Nikaweka Ardea. Ule mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, unaopikwa na watu wa dunia nzima kwa kupenda tu. Na sikuweka Ardea iliyoiva, wanayoweka wenzangu pale stendi. Niliweka toleo la majaribio, lile ambalo bado liko jikoni, nimelipakua na moshi wake. Hata Dodoma hawajaliona.

Ikawaka, dada! Nyepesi kama unyoya. Mzee Urbano alipiga makofi mpaka kofia ikadondoka. Kisha ikaingia giza. Taa ya pembeni inawaka, feni inazunguka, kioo cheusi kama masizi ya chungu. Ukiweka sikio unasikia inanguruma ndani, kama mzinga: nyuki wamo, mlango hauonekani.

Ningecheka, lakini humo ndimo ilimo ramani ya mizinga. Mselemu, Mungu amrehemu, alitundika mizinga yake peke yake ndani ya msitu, mbali na macho ya wezi, kila mmoja akaupigia alama kwa simu na kuihamishia kwenye kompyuta. Simu iliuzwa baada ya arobaini, ikafutwa. Hakuna mtu mwingine aliye hai anayejua mizinga ilipo, isipokuwa nyegere, na nyegere hasemi.

Mama Mwantum hazungumzi nami, mimi ni mkwe. Amemtuma Mwantum: "Mwambie mgeni, Jumamosi ya tarehe kumi na nne kikundi kinaingia msituni. Ramani isipoonekana, mizinga ya mume wangu imepotea. Na mizinga ikipotea, posa irudi."

Nikamtazama Mwantum. Akasema, "Usinitolee macho, mimi posta tu."

Pikipiki yangu imefungiwa kwenye banda la kuku "isiibwe". Kufuli ni kubwa kuliko pikipiki. Basi dada, wewe una intaneti na Kiingereza cha kidato cha sita. Ingia kwenye jukwaa la hao wapishi wa Ardea, waulize dawa. Waambie ni Anuari, fundi wa kimataifa.

Habari za adabu usihofu. Kazi naifanyia ghalani kwa Mzee Urbano. Nyumba ya mama mkwe naiona kwa mbali, kama mwezi.

Mdogo wako asiyeshindwa,
Anuari

*

Utemini,
4 Juni 2025

Mdogo wangu Anuari,

Marahaba. Barua nimeisoma mara mbili, ya kwanza kwa hasira.

Watu wanakwenda ukweni na kitenge na mchele. Wewe umekwenda na chakula kibichi ukawalisha. Nani alikuambia kompyuta ya marehemu ni mahali pa kujaribia?

Haya. Nimeandika kwenye jukwaa. "Fundi wa kimataifa" nimeliacha, hawana pa kuliweka. Amejibu mmoja, anaitwa Ondrej, yuko huko Ulaya kwenye baridi, na ndiye anayeshughulikia toleo hilo. Ni mtu mpole ila hana maneno ya ziada. Anasema hitilafu zinatarajiwa, ndiyo maana likaitwa la majaribio. Anataka mambo matatu: uliona nini, ulifanya nini, kikatokea nini. Hasa hasa anataka kujua ulikuwa unafanya nini dakika ile kabla ya giza.

Anuari, nakujua. Sifa hazitakiwi hapo. Mtu akikuuliza umeangukia wapi usimweleze ulivyokuwa unaruka.

Na swali langu mimi. Tulipoleta posa nilikaa kwa Mzee Urbano mchana kutwa. Sikuona sola juu ya paa lake. Hiyo kompyuta inakula nini? Nakukumbusha, mkwe hakai chini ya paa moja na mama mkwe, wala hawakutani mlangoni, mpaka ndoa ipite na wazee wawafungulie mwiko huo. Marehemu mama angefufuka akuchape kwa hilo peke yake.

Dada yako,
Zabibu

*

Mgori,
5 Juni 2025

Dada Zabibu,

Shikamoo. Sola ya Mzee Urbano ameinunua juzi. Mambo yanabadilika, dada, wewe uko mjini huoni.

Mwambie Ondrej haya. Nimefungua mashine, nimesugua vibao vyake vya kumbukumbu kwa kifutio cha penseli mpaka vinang'aa kama meno ya bwana harusi. Betri nimeitoa nikairudisha. Nimeizima na kuiwasha mpaka kidole kimeota sugu. Giza. Ila kuna ajabu moja: orodha ya mwanzo kabisa inaonekana, ile inayokuuliza uwashe nini. Ukichagua tu, kioo kinakufa.

Leo asubuhi nimeiweka Ardea upya kutoka kwenye flashi, bila kugusa mafaili ya mzee. Na ikawaka! Rangi zote, na ule muziki wake wa kukaribisha. Nikaliona faili la mizinga kwa macho yangu mawili, nikaanza kusema Alhamdulillahi, sijafika "lillahi", giza. Na sola hunipa nusu siku tu, jua likishuka betri nayo inalala. Kwa hiyo kila jaribio linakula siku nzima.

Kabla ya giza nilikuwa nafanya nini? Nilikuwa nafanya kazi, dada. Fundi anafanya nini kingine? Hakuna kilichotokea. Mwandikie hivyo: hakuna.

Nilitaka kuitoa ile diski ya ndani nikuletee mjini. Mwantum akapeleka ombi, akarudi na jibu: "Mama anasema mume wake hakupasuliwa alipokufa, na kompyuta yake haipasuliwi." Jibu kama hilo hata Lubumbashi sijakutana nalo.

Chakula wananipa kizuri, kuku kila siku. Lakini naletewa kwa kuzunguka, nakula nyuma ya ghala kama mwizi anayelishwa na polisi. Idd nayo hii inakuja. Nitaswali huku, mguu mmoja nje.

Mdogo wako, bado asiyeshindwa,
Anuari

*

Utemini,
9 Juni 2025

Anuari,

Marahaba. Idd tumekula bila wewe, sahani yako tulimpa jirani.

Sikiliza nilichofanya. Hapa dukani ninayo kompyuta ndogo ya aina ileile, unaikumbuka, ile uliyonitengenezea ikaanza kuandika herufi mbilimbili. Nimeiwekea toleo lilelile la majaribio. Nimefanyia kazi siku mbili, nimechapa mialiko ya harusi na mitihani ya shule. Haijazimika hata mara moja.

Nikamwambia Ondrej. Amewauliza na wenzake. Wote wamejibu kwamba kwao hitilafu hiyo hawaioni. Nakutafsiria maneno yake: "Tunaamini mashine yenu ina giza. Lakini hatuwezi kutibu tusichoweza kukiona. Kama ndugu yako hawezi kueleza hatua alizopitia, itabidi tuifunge taarifa hii."

Kuifunga maana yake ni kwamba hakuna mtu atakayeiangalia tena. Nimemwomba asubiri mpaka Alhamisi.

Kwako iharibike, kwangu iwe nzima, mashine ni moja na mfumo ni mmoja. Basi kuna kitu kiko huko kwako ambacho hakiko hapa kwangu. Ni nini?

Na jana mshenga wetu alipita dukani. Hakuuliza lolote, alinunua kalamu akasimama. Mshenga akisimama bila kuuliza unajua maana yake.

Usinijibu "hakuna".

Zabibu

*

Mgori,
10 Juni 2025

Dada,

Shikamoo. Naomba usiniulize kwa nini mwandiko umepinda. Mahali nilipo ni pembamba na hakuna mwanga, na siwezi kunyoosha goti.

Sina cha kumwambia Ondrej. Leo niliiweka upya tena, mara ya tatu, na ikawaka tena, na nikafika mpaka kwenye faili lenyewe. Dada, nimeona kijani cha msitu kinaanza kujichora pembeni mwa kioo. Halafu ikawa kama zile nyingine.

Kuna mambo ya ukweni hayaandikwi kwenye jukwaa la Wazungu. Mtu ana heshima yake. Nikiyaandika, dunia nzima watayasoma, Wachina na Wahindi, nao watasema fundi wa Singida ndivyo alivyo. Afadhali niwe fundi aliyeshindwa kuliko kuwa hivyo.

Nimepita mipaka minne, nimelala chini ya malori, sijawahi kukosa pa kutokea. Hapa nimekosa. Nikitoka kwa miguu usiku, nimemwacha Mwantum. Nikikaa, Jumamosi inakuja na kioo cheusi, nimemwacha vilevile. Sasa hivi hata nikitaka kupiga chafya siwezi.

Hii barua nitampaje Derick sijui. Ikikufika ujue nimetoka.

Mwombe Ondrej asifunge.

Anuari

*

Mgori,
10 Juni 2025

Mwanangu Zabibu,

Salamu kwako na kwa wote wa Utemini. Ni mimi mama yake Mwantum. Usishangae mwandiko, nilimaliza darasa la saba, na barua zote za mume wangu nilikuwa nazisoma mimi kwanza.

Nakuandikia wewe kwa sababu mdogo wako siwezi kumwandikia, na jina lake silitaji. Nitamwita mgeni. Kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani, lakini barua haina macho.

Mwantum ameniambia kwamba Wazungu wanauliza nini hutokea kabla ya giza, na mgeni anajibu hakuna. Mwanangu, mimi nitasema nilichokiona.

Hiyo kompyuta haijatoka nyumbani kwangu. Iko chumba cha marehemu, kwa kuwa sola iko kwangu. Mzee Urbano hana sola, hana hata tochi. Mgeni huingia nikishakwenda shamba kuvuna alizeti. Nikirudi, nakohoa kabla sijafika mlangoni ili mtu apate nafasi ya kutoka, ndiyo adabu. Basi nikikohoa tu, nasikia pa! Anaifunga kompyuta kama mtu aliyekuta nyoka ndani ya kitabu, halafu anatokea dirishani. Dirisha langu ni dogo. Mara zote naikuta miguu bado iko ndani.

Siku ya kwanza mashine ilikuwa inapiga muziki. Nikakohoa, pa, muziki ukakatika. Kesho yake Mwantum akaniambia kompyuta imeingia giza. Siku ya pili vilevile, muziki, kikohozi, pa, giza. Leo ni mara ya tatu. Leo nje ya dirisha kulikuwa na wanawake wa kikundi wanangoja mashine ya kukamulia alizeti, kwa hiyo mgeni hakuthubutu kutoka. Akajibanza nyuma ya magunia. Mimi nikakaa mlangoni kupepeta.

Nilijua yumo. Nilipepeta tangu adhuhuri mpaka jua likapoa, alizeti ambayo ilikwisha kupepetwa jana. Mungu anisamehe. Tangu mume wangu aondoke sikuwa nimecheka, na leo ilibidi nijifunike kanga mdomoni.

Sijui mambo ya kompyuta. Ila najua nyuki. Mzinga ukiufunika kwa kishindo, hata ukiufunua wanakaa kimya wakidhani bado umefunikwa.

Mwanangu, nilisema posa irudi. Nilisema kwa uchungu. Mume wangu alipofariki nilibaki na ile mashine, na usiku nilikuwa naiwasha niangalie zile alama zake msituni, basi nalala. Sasa nikiiwasha inanguruma tu. Neno la mtu mzima likishatoka mbele ya kikundi halirudi lenyewe, lazima litafutiwe njia. Na mimi nimefungika hapo kama huyo mgeni na magunia yake.

Waandikie hao watu. Waambie habari ya kikohozi.

Mimi mama yako,
Mama Mwantum

*

Utemini,
11 Juni 2025

Anuari, mdogo wangu,

Nimepokea barua mbili kwa Derick, moja imejaa vumbi la magunia. Ya pili ni ya mtu ambaye huwezi kumtaja naye hawezi kukutaja. Nimecheka mpaka wateja wakatoka nje. Habari ya sola ya Mzee Urbano tutaizungumza ukirudi.

Nimemwandikia Ondrej kila kitu. Mlango, adabu, kikohozi, pa, dirisha. Mpaka miguu nimeandika. Kisha nami nikafanya jambo ambalo kwa siku zote hizi sijalifanya: hapa dukani kompyuta yangu haifungwi kifuniko mchana kutwa, naificha kwa kitambaa nikitoka. Nikaifunga, pa, kama wewe. Nikaifungua. Giza.

Ondrej naye akafunga ya kwake, ana ya aina hiyohiyo. Giza. Ameniandikia kwa furaha kama mtu aliyepata mtoto, mimi nikadhani ameudhika. Anasema kosa liko kwao, limeingia juzijuzi, na mashine za aina hii ndizo linazozikamata. Kifuniko kikifungwa mashine inalala. Kikifunguliwa inaamka, lakini haijui kwamba kimefunguliwa. Inaamini bado kimefungwa, kwa hiyo haioni sababu ya kuwasha kioo. Na hata ukiizima ukaiwasha, inakumbuka jinsi kifuniko kilivyokuwa mara ya mwisho. Ndiyo maana ukiweka mfumo upya inasahau na kuona, mpaka utakapokoholewa tena.

Dawa iko kwenye karatasi ya pili, nimeandika kwa herufi kubwa. Kwenye ile orodha ya mwanzo, kabla ya giza, ongeza mstari huo mmoja jinsi ulivyo. Usiuremberembe. Maana yake unaiambia mashine: hata kama unahisi kifuniko kimefungwa, hesabu kwamba kiko wazi.

Watatengeneza dawa ya kudumu kwa dunia nzima. Taarifa yenyewe wamebadilisha kichwa chake, sasa inasomeka: kioo hakiwaki baada ya mama mkwe kukohoa. Wachina na Wahindi wameshaisoma. Mmoja amejibu kwamba hata kwao ingekuwa hivyo.

Ondrej ameniuliza kwa nini hukumsubiri tu akaingia ukamsalimia. Nimemweleza. Akajibu kwamba yeye na mama mkwe wake wanakaa nyumba moja, na angeomba kujua dirisha lenu lina upana gani.

Fanya kazi hiyo kesho. Na mwombe Mwantum amwambie mama yake asikohoe.

Dada yako anayekupenda, mjinga wewe,
Zabibu

*

Mgori,
12 Juni 2025

Dada Zabibu,

Shikamoo mara saba.

Imewaka.

Nilitaka kukuandikia barua ndefu ya kujisifu na nimeanza mara mbili, lakini mkono unakataa. Nitakueleza tu.

Mwantum alisimama mlangoni kulinda. Niliandika ule mstari herufi kwa herufi, sikuuremba. Nikabofya. Feni ikavuta pumzi, muziki ukaanza. Mwantum akasema, "Anuari, usifunge. Hata nyumba ikiungua, usifunge." Nikafungua faili, msitu ukajichora wote, kijani kibichi, na mizinga ikatokea mmoja mmoja kama taa za mji ukiwa juu ya mlima. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kulinakili faili hilo kwenye flashi yangu, kisha kwenye simu ya Mwantum, kisha ya Mzee Urbano ambaye hajui ni nini nimemwekea.

Dada, mzee hakuipa mizinga namba. Ameipa majina. Upo "wa ada ya Mwantum". Upo "wa mama, usiuzwe". Upo "wa Urbano asijue". Na mbali kabisa kule ndani, peke yake, upo ulioandikwa "wa mkwe, yeyote atakayekuwa".

Alama hiyo aliipiga miaka mitatu iliyopita. Wakati huo mimi nilikuwa Tunduma, nimelala chini ya lori, simjui yeye wala binti yake.

Nimeshindwa kuusoma kwa sauti. Mwantum ndiye aliyeusoma, kwa nguvu, akiwa ameelekea jikoni. Huko jikoni kwa mama yake hata kikohozi hakikusikika.

Ya posa Mama Mwantum hajasema kitu. Mzee Urbano ameuliza kwa kuzunguka, akaambiwa, "Jumamosi haijafika." Pikipiki bado iko na kuku. Mmoja ametagia kwenye kiti.

Mwambie Ondrej kwamba mzee mmoja wa Mgori amerudi nyumbani. Kwa Kiingereza sijui utalisemaje hilo, wewe utaona.

Mdogo wako,
Anuari

*

Msitu wa Mgori,
14 Juni 2025

Dada Zabibu,

Shikamoo. Naandika nyuma ya ile karatasi yako ya mstari, ndiyo niliyokuwa nayo mfukoni. Niko juu ya mninga. Kama kuna fundi mwingine aliyewahi kuandika barua akiwa amekumbatia mninga, aje tulinganishe.

Tumetembea tangu asubuhi, ramani mkononi, na kila alama ya mzee imekuwa kweli. Mizinga iko juu, mizima, mizito. Wanakikundi walianza kuimba. Mzee Urbano alipoonyeshwa ule wake alikaa chini akavua kofia, akasema, "Rafiki yangu alinificha, kumbe alichonificha ni zawadi."

Wa mwisho ukawa huu wa mkwe. Wakasema mzinga hupandiwa kwanza na mwenyewe. Dada, unajua nyuki na mimi. Malori siogopi, mipaka siogopi, nyuki tukae mbali. Lakini Mwantum alikuwa ananitazama, nikasema huko Kongo nimepanda miti mirefu kuliko hii. Wakanipa moshi na kamba. Nimerina, dada! Nimeumwa sikio na mahali pengine nisipopataja, nimeteremsha ndoo imejaa, wakaichukua, wakaenda nayo kule bondeni kuchuja. Nami nikasema nivute pumzi kisha nishuke.

Kuangalia chini, mama mkwe.

Amekaa kwenye shina, ameuegemea mti huuhuu, mbwa wake Askari pembeni. Kushuka siwezi bila kumwangukia magotini. Kukaa siwezi, nyuki wanarudi nyumbani kwao na sioni wakinipenda. Nimekuwa huku kitambo, nimejibanza kama siku ile ya magunia. Hakuna dirisha.

Sasa hivi amekohoa. Dada, wallahi mkono wangu ulikwenda wenyewe kutafuta kifuniko, nusura nidondoke.

Naandika anavyosema, maana anasema na mbwa:

"Askari. Mwambie aliye juu ashuke, uji unapoa. Mwambie mume wangu alimtengea mti, mimi ni nani nimrudishie posa. Mwambie nimefumba macho."

Nimechungulia. Hajafumba. Yako wazi kabisa, na yananitazama mimi, na yana maji.

"Na akiona yako wazi, mwambie aliiambia mashine kifuniko kiko wazi huku inahisi kimefungwa, ikamsikia. Basi na yeye ahesabu yamefungwa."

Nashuka, dada.

Anuari